Vena zilizovimba miguuni: vichocheo vya ukuaji ndio chanzo, au ni moshi tu wa moto ulioanzia kwenye vali?

#1 Mzee wa Kigimbi (mleta mada)
Salaam wana Kusini. Kila mjadala wa mishipa ya miguu ukifunguliwa, maelezo ni yale yale: vali (kilango cha ndani ya mshipa) imelegea, damu inarudi chini, mshipa unajaa, kwisha. Nasema hadithi hiyo inasimuliwa kuanzia katikati.

Mshipa si mpira wa kumwagilia bustani. Ukuta wake una seli hai, zinasikia presha na zinajibu. Jibu lenyewe ni vichocheo vya ukuaji, protini zinazoziambia seli zikue na zijenge: TGF-beta 1, VEGF, PDGF, FGF-2. Chukua kipande kilichosokotana, kikate, kiweke chini ya hadubini. Hapa ukuta mnene kama ganda la chungwa, sentimita moja mbele mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Seli za misuli laini, ambazo kazi yake ni kubana, zimeacha kubana na kuanza kumwaga kolajeni, zile nyuzi ngumu za kushikilia nyama. Kolajeni ya aina ya I imezidi, ya aina ya III imepungua, elastini, nyuzi za kuvutika, imekatikakatika. Presha tupu haipangi kazi ya namna hiyo. Hiyo ni amri, na amri inatoka kwenye vichocheo.

Maswali mawili. Nani anatangulia, vali au ukuta? Na kama ni ukuta, kwa nini tunahangaika na leza na soksi badala ya kuzima hivyo vichocheo?

#2 Nesi wa Zamu ya Usiku
Kabla hamjaanza kurushiana herufi za Kizungu, tusafishe lugha. Huku pwani mtu akisema "nina mshipa" anakuambia ana ngiri au busha. Ukiandika "mshipa" kwenye cheti, mgonjwa wa mguu anapangwa foleni ya wanaume wa mabusha. Tuseme vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni.

#3 Korosho Ghafi
Nimevuta mkeka. Vena basi, msije mkanipeleka foleni siyo.

#4 Kisu Butu
Mleta mada umeruka darasa la kwanza. Mtu akisimama wima bila kusogea, presha ya vena kwenye unyayo ni karibu mmHg 90. Huo ni uzito wa nguzo ya damu kutoka moyoni kushuka chini, hakuna muujiza. Akianza kutembea, kigimbi kinakamua, na ndani ya hatua kumi hivi presha inashuka chini ya 30. Vali zikivuja haishuki hivyo, inaweza kubaki 60 na zaidi hata akitembea kutwa nzima. Mpe mtu mzigo huo miaka kumi halafu unishangalie kwamba ukuta umebadilika.

Kuvuja kwenyewe kunapimika. Mgonjwa anasimama, uzito anauweka mguu mwingine, unaminya kigimbi kisha unaachia ghafla huku ukitazama rangi kwenye ultrasaundi ya Doppla. Damu ikirudi nyuma zaidi ya nusu sekunde kwenye safena, ile vena ndefu ya juujuu ya mguu, vali ni mbovu. Kwenye vena kubwa ya ndani ya paja na ile ya nyuma ya goti, kipimo ni sekunde moja. Ukimpima amelala umejidanganya.

Sasa ushahidi. Jaribio la EVRA, 2018, wagonjwa wa vidonda vya vena: waliofungwa safena mapema kidonda kilipona kwa wastani wa kati wa siku 56, waliosubirishwa siku 82, na wote walifungwa bandeji. Kabla yake ESCHAR, 2004: ndani ya miezi 12 kidonda kilirudi kwa asilimia 12 ya waliopasuliwa na kufungwa bandeji, asilimia 28 kwa bandeji peke yake. Hakuna aliyegusa kichocheo hata kimoja. Walifunga bomba linalovuja, mguu ukapona.

#5 Mzee wa Kigimbi
Kisu Butu, majaribio yako yanaonyesha kinachoponya kidonda, hayaonyeshi kilichoanzisha vena. Kumpa mtu panadol homa ikashuka hakuna maana kwamba homa ililetwa na upungufu wa panadol.

Nijibu hili. Kwa nini tunakuta vena imetanuka CHINI ya vali inayofunga sawasawa? Kwa nini vijana wengi wanaanza kuvuja kwenye matawi madogo ya pembeni wakati shina la safena bado zima? Kama ni vali ya kinena inayoanza, uharibifu ungeshuka toka juu kama maji ya ngazi. Tunaona hata unaopanda kutoka chini. Vali haifi, fremu ndiyo inapanuka. Mlango mzima, mbao nzuri, lakini fremu imeachama na komeo halifiki.

Na vichocheo vinapimika pia. Chukua damu, weka chupa nyekundu, pima VEGF, utaikuta iko juu kwa wagonjwa hawa.

#6 Maabara Mikindani
CHUPA NYEKUNDU? Mkuu, hapo umejichimbia mwenyewe.

Chupa nyekundu unaiacha damu igande. Damu ikiganda, chembe sahani (zile za kugandisha damu) zinapasua vifuko vyake na kumwaga VEGF, PDGF na TGF-beta zote ndani ya seramu, yale maji yanayobaki damu ikishaganda. Kwa hiyo unapima kilichomwagika ndani ya chupa, si kilichokuwa kwenye mguu. Mwenye chembe sahani nyingi anaonekana "ana VEGF juu" hata kama miguu yake ni ya mcheza mpira.

Inayotakiwa ni plazma, maji ya damu isiyoachwa igande. Chupa ya zambarau ya EDTA au ya bluu ya sitreti, zenye dawa ya kuzuia kuganda, usiifunge kamba ya mkono muda mrefu, sindano isiwe nyembamba mno, usitikise, unageuzageuza taratibu. Izungushwe kwenye sentrifuji mapema. Plazma ya juu uinyonye bila kugusa utando mweupe, uizungushe mara ya pili kuondoa chembe sahani zilizobaki, ndipo ugandishe. Kugandisha na kuyeyusha mara tatu nne kunaharibu. Umeme ukikatika friji ikayeyuka, sampuli hizo tupa.

Halafu mahali pa kuchukulia damu. Damu ya mkononi haikuelezi habari za kifundo cha mguu. Kuna kazi ya mwaka 1998 iliyopima plazma za wagonjwa wa vena na kuikuta VEGF imepanda, na walizingatia mgonjwa amelala au amesimama, maana kusimama kunabadili namba. Ukipima mmoja amelala na mwingine katoka kusimama foleni ya dirisha la dawa, umelinganisha embe na fenesi.

#7 Korosho Ghafi
Mzee wa Kigimbi umepigwa na kifuniko.

#8 Mzee wa Kigimbi
Nakubali kifuniko. Hoja ya ukuta iko palepale, maana pale hupimi damu, unapima nyama yenyewe.

#9 Maabara Mikindani
Na nyama ina mtego wake. Vena mbovu inatoka kwa mtu wa miaka 40 aliyekuja kutolewa safena. Ile "nzima" ya kulinganishia mara nyingi inatoka kwa mzee wa miaka 65 anayepasuliwa moyo, safena yake ikatolewa kuunga ateri, kikabaki kipande. Yule ana ateri zilizoziba, pengine kisukari, anavuta sigara, yuko kwenye dawa za kushusha mafuta ya damu. Unalinganisha ugonjwa na ugonjwa mwingine. Ongeza kwamba vena iliyong'olewa kwa waya imeshachubuka ndani kabla hujaitazama. Ndiyo maana matokeo ya VEGF kwenye ukuta hayapatani: huyu kaikuta juu, yule kaona hakuna tofauti. Matokeo ya TGF-beta 1 yametulia kidogo, hasa sehemu zilizosokotana.

#10 Dada wa Picha
Mimi nasimama katikati, na wote wawili mtanichukia. Ile habari ya matawi kuvuja shina likiwa zima ni kweli, inaonekana kwenye skrini kila wiki. Lakini hata inayoanzia kinena ipo, na wengine vali hazipo kabisa pale juu tangu kuzaliwa. Si ugonjwa mmoja. Tunaita kitu kimoja kwa sababu ngozi inaonyesha picha moja.

Na mtu asiandike "vena" tu kwenye fomu ya kipimo. Andika daraja. C1 ni vile vinyuzi na vena ndogo za chini ya milimita 3. C2 ni zilizovimba milimita 3 kwenda juu, akiwa amesimama. C3 mguu umevimba maji. C4 ngozi imebadilika: madoa ya kahawia, ukurutu, kukakamaa. C5 kidonda kilichopona, C6 kidonda kibichi. Mnabishana vichocheo bila kusema daraja, na C2 na C4 si nchi moja.

#11 Nesi wa Zamu ya Usiku
Dada wa Picha kamaliza. Kwenye C2 mnaweza kubishana mpaka alfajiri. Kwenye C4 kwenda juu, vichocheo havina ubishi. Ule mguu uliokakamaa juu ya kifundo, umenywea chini na kunenepa juu kama chupa ya soda iliyogeuzwa, ukibonyeza ni mgumu kama mbao: ile ni TGF-beta 1. Seli nyeupe za damu zinakwama kwenye vimishipa vidogo vyenye presha, zinapenya nje, zinaachia TGF-beta, na fibroblasti za ngozi zinasuka kovu. Kipimo cha ngozi za wagonjwa wa hivyo kilionyesha hilo tangu 1999. Yale madoa ya kahawia ni chuma cha chembe nyekundu zilizovuja na kufia pale.

Sasa kichekesho. Mguu uliojaa vichocheo vya ukuaji, na kidonda hakikui nyama. Kidonda ndugu hasa. Nani anaeleza?

#12 Kisu Butu
Kuna maelezo matatu na kila moja lina wazee wake. La 1982: fibrini, nyuzi za kugandisha damu, inavuja na kuvika vimishipa koti, oksijeni haipiti. Lilipendwa sana, baadaye likaonekana lile koti halizuii oksijeni kiasi hicho. La 1988: seli nyeupe zinakwama na kuchoma, ndilo alilolisema Nesi. La 1993: mtego. Fibrini na protini kubwa kama alfa-2 makroglobulini zikivuja nje zinavikamata vichocheo na kuvishika. Vipo, ukivipima unavikuta, lakini vimefungwa mikono.

#13 Maabara Mikindani
Ongeza la nne. Majimaji ya kidonda sugu yamejaa vimeng'enya vya MMP, na vizuizi vyake TIMP havitoshi. Vinakatakata kolajeni mpya, vinakatakata na vichocheo pamoja na vipokezi vyake. La tano: fibroblasti za ukingo wa kidonda cha zamani zimezeeka, ukizimwagia PDGF au TGF-beta zinaitika kwa uvivu, vipokezi vyake vimepungua. Kwa hiyo kichocheo kipo, kimefungwa, kikifunguliwa kinakatwa, kikiponyoka kinafika kwa kiziwi. Chagueni.

#14 Mfamasia wa Jioni
Hapo ndipo pochi za watu zinapoliwa, maana wanauza "jeli ya kuotesha nyama". Ipo moja ya kweli, becaplermin, ambayo ni PDGF-BB iliyotengenezwa maabara, nguvu yake asilimia 0.01. Marekani iliruhusiwa Desemba 1997 kwa vidonda vya mguu vya KISUKARI. Vya vena haikuruhusiwa. Inahifadhiwa nyuzi 2 hadi 8, inapakwa mara moja kwa siku kwa unene wa sarafu, juu ya kidonda kilichosafishwa. Mwaka 2008 ikawekewa onyo kali kuhusu saratani kwa wanaotumia mirija mitatu na zaidi, baadaye onyo lile likaondolewa. Mtu akikuuzia iliyokaa kwenye kabati la kioo dukani, jua linapiga, umenunua mafuta ya kupaka.

Na jibu kwa swali la pili la mleta mada: dawa za kuzima VEGF zipo, za saratani na za macho. Zinapandisha presha, zinaleta damu kuganda na zinachelewesha vidonda kupona. Utamzimia mtu VEGF ili vena isivimbe, halafu akijikwaa kwenye gogo la mnazi jeraha lisifunge? Hapana.

#15 Mzee wa Kigimbi
Sikusema dawa ya saratani. MMP je? Vena ya panya ikivutwa maabara muda mrefu, HIF (swichi ya seli inayowaka oksijeni ikipungua) inapanda, MMP-2 na MMP-9 zinapanda nayo, na nguvu ya kubana inashuka. Kuvutwa kunaamsha HIF, HIF inaamsha kiwanda kizima pamoja na VEGF. Doksisaiklini, ile dawa ya kuua bakteria, inazuia MMP. Bei yake si ya kutisha.

#16 Mfamasia wa Jioni
Kwa vena ni wazo, si tiba. Msije mkaanza kumeza.

#17 Mpwa wa Nangurukuru
Umetaja doksi, na huku kwetu ina habari nyingine: matende. Mtwara na Lindi mguu mkubwa si lazima uwe vena. Minyoo ya matende inabeba bakteria ndani yake, Wolbachia. Utafiti wa Ghana uliochapishwa 2006 uliwapa wagonjwa doksi miligramu 200 kwa siku, wiki 6, na VEGF-C kwenye plazma ikashuka, uvimbe ukapungua. VEGF-C ndiyo inayootesha mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji yaliyovuja kwenye nyama. Kwa hiyo kuna mguu mmoja ambako kushusha kichocheo kulionekana kunaendana na nafuu, ila ni mguu wa mnyoo, si wa vena. Wajawazito na watoto wadogo hawapewi doksi.

Kutofautisha: jaribu kukunja ngozi juu ya kidole cha pili cha mguu, kwenye shina la kidole. Ikikataa kubanika, fikiria limfu. Vena huacha unyayo na vidole bila uvimbe mkubwa, huvimba kuzunguka kifundo, na hupungua akilala ameinua miguu. Uvimbe wa vena ukibonyeza unaacha shimo, matende ya zamani hayaachi. Halafu kuna mchanganyiko, vena ya miaka mingi huchosha na limfu. Zile dawa za kugawiwa kwa jamii nzima, ivermectin na albendazole, ni kwa mnyoo. Zisitarajiwe kunyoosha vena.

#18 Nesi wa Zamu ya Usiku
Nakazia. Na kijana mwenye kidonda juu ya kifundo, vena hazionekani, macho ya njano njano: pima selimundu kabla ya kitu chochote. Na kidonda cha miezi mitatu kinachotunzwa vizuri kikakataa kupungua, au ukingo umeinuka kama koliflawa, kitolewe kipande kipimwe saratani.

#19 Mkunga Mstaafu
Hamjambo. Mmepita mabilioni ya VEGF hamjataja mimba. Vena hutokea wiki za mwanzo, tumbo bado halijaonekana. Mfuko wa uzazi ungebana nini wakati ni mdogo kama chungwa? Ni projesteroni inayolegeza misuli laini, pamoja na damu inayoongezeka hata kwa asilimia 40. Baada ya kujifungua nyingi zinanywea zenyewe ndani ya miezi michache. Ukuta ulioharibika kwa kolajeni usingenywea. Kwa hiyo si vali, si kichocheo chenu, ni homoni.

#20 Mzee wa Kigimbi
Shikamoo mkunga. Lakini mimba ndiyo kiwanda kikuu cha vichocheo! Kondo linamwaga PlGF (ndugu wa VEGF) na VEGF, bado unasema si vichocheo?

#21 Maabara Mikindani
Marahaba kwa niaba ya mkunga. Kondo linamwaga pia sFlt-1, kipokezi kinachoelea kwenye damu na kuikamata VEGF. VEGF iliyo huru kwenye plazma ya mjamzito huwa CHINI. PlGF sawa, inapanda. Nusu yako sahihi, nusu ya chupa nyekundu.

#22 Korosho Ghafi
😂😂 Chupa nyekundu imekuwa jina la ukoo.

#23 Mkunga Mstaafu
Marahaba mwanangu. Wajawazito wasikimbilie kuchomwa wala kupasuliwa. Soksi, kulala ubavu wa kushoto, kuinua miguu. Baada ya kujifungua subiri angalau miezi mitatu ndipo upime tena. Na mguu MMOJA ukivimba ghafla na kuuma kigimbi, mimba au si mimba, hiyo ni damu iliyoganda mpaka ithibitishwe vingine. Usikande, usichue na mafuta ya nazi.

#24 Kisu Butu
Hoja ya kunywea ni nzuri, lakini kila mimba inaacha kidogo nyuma. Ya tatu hazinywei tena kama za kwanza.

Twende kwenye nasaba. Mwaka 2018 walichambua vinasaba vya karibu watu nusu milioni wa UK Biobank, hazina ya taarifa za afya ya Uingereza. Urefu wa mwili ulijitokeza kuwa unachangia wenyewe. Mrefu ana nguzo ndefu ya damu, ndicho ninachosema. Jeni ya FOXC2 ikiharibika, vali za vena zinavuja na mguu unavimba limfu. Vali tena.

#25 Mzee wa Kigimbi
Na uchambuzi huohuo ulitaja CASZ1, jeni ya ujenzi wa mishipa, na PIEZO1, mlango wa seli unaosikia kubanwa na kuvutwa. Seli inasikia, seli inajibu. Ndicho ninachosema mimi.

#26 Dada wa Picha
PIEZO1 inahusika na kuumbika kwa vali pia. Mmegawana paka mmoja, huyu mkia huyu kichwa.

#27 Fundi Bandeji
Mmefika ukurasa wa tatu hakuna aliyesema namna ya kufunga. Vichocheo vyote hivyo vinaamshwa na presha, na presha tunaishusha kwa kitambaa. Wagonjwa wa kidonda waliofungwa bandeji ya tabaka nne na kupona, VEGF na TNF (protini ya uchomo) kwenye damu yao zilishuka. Bandeji ndiyo dawa ya kichocheo.

Kabla ya kubana pima ateri. Mgonjwa alale dakika kumi. Mkanda wa kupimia presha juu ya kifundo, kalamu ya Doppla yenye jeli imeinamishwa nyuzi 45 hadi 60, jaza mpaka sauti ipotee, achia taratibu, andika inaporudi. Pima ateri mbili za mguu, chukua kubwa, gawanya kwa kubwa ya mikono. Ikiwa 0.8 kwenda juu bana kamili. Kati ya 0.5 na 0.8 punguza nguvu na mwone mtaalamu. Chini ya 0.5 usibane, utaua vidole. Ikizidi 1.3, hasa mwenye kisukari, ateri zimekakamaa na namba inadanganya.

Kufunga kwenyewe: kifundo kiwe nyuzi 90, si kimenyooka kama cha mcheza sarakasi. Pamba kwanza, hasa kwenye mfupa wa muundi na mashimo ya pembeni mwa kifundo. Anzia kwenye shina la vidole, kisigino kifunikwe, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, maliza vidole viwili chini ya goti. Mvuto uwe uleule tangu chini hadi juu. Kwa kuwa kifundo ni chembamba na kigimbi kinene, mvuto uleule wenyewe utatoa presha kubwa chini na ndogo juu. Lengo karibu mmHg 40 kifundoni. Makosa yanayoonekana sana: kuacha dirisha kwenye kisigino, kukaza juu kuliko chini, na kufunga saa kumi jioni mguu umeshajaa. Funga asubuhi.

#28 Korosho Ghafi
Fundi, na hili joto la Machi? Mtu kavaa soksi ya mpira mpaka gotini anaingia kwenye kiwanda cha kubangua korosho, ataiva yeye kabla ya korosho.

#29 Fundi Bandeji
Soksi ya mmHg 20 hadi 30 ya kitambaa chenye pamba, iliyo wazi vidoleni. Akishindwa, vifungo vya kanda za kunata vinavyofunguka mchana wakati wa mapumziko. Soksi inayovaliwa nusu siku ni bora kuliko kali inayolala sandukuni. Pima mzingo wa kifundo mahali pembamba kabisa na wa kigimbi mahali panene, asubuhi kabla ya kushuka kitandani. Igeuze ndani nje mpaka kisigino, ingiza unyayo, kisha ipandishe kidogo kidogo kwa glavu za mpira. Usiikunje juu, mkunjo unakuwa kamba. Fua kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, anika kivulini. Jua la saa saba linaua mpira wake. Miezi sita, badili.

Anayesimama au kukaa kutwa, iwe kubangua, kuuza samaki au kufundisha, apandishe visigino mara 15 kila nusu saa. Na wa basi la Dar, likisimama Somanga shuka utembee, usikae dirishani unanunua samaki.

#30 Mpwa wa Nangurukuru
Na Nangurukuru ashuke pia, supu ipo.

#31 Dada wa Picha
Kuna kitu hakijaguswa: vena kurudi kinena baada ya kupasuliwa. Safena imefungwa vizuri, miaka miwili mitatu baadaye kwenye kovu kuna vimishipa vipya vimesokotana kama mizizi ya mkoko, vimeunganisha kisiki na matawi ya paja. Mzee wa Kigimbi hii ni yako, jeraha linaotesha mishipa.

#32 Mzee wa Kigimbi
Asante! Hapo VEGF ipo kazini mchana kweupe.

#33 Kisu Butu
Au tawi lililosahaulika, likatanuka baadaye. Si kila mzizi wa mkoko umeota upya, mwingine ulikuwepo. Nakubali kwamba kwa leza na mawimbi ya redio, zinazoifunga vena kwa joto bila kuchimba kinena, vimishipa hivyo huonekana kwa nadra zaidi. Hilo linakusaidia kidogo. Kidogo tu.

Povu la kuchoma ndani ya vena nalo: sindano mbili na koki ya njia tatu, sehemu moja ya dawa kwa nne za hewa, sukuma huku na huku mara 20, itumie hapohapo, maana povu likikaa linarudi maji. Jumla isizidi mililita 10 kwa siku moja. Linaunguza utando wa ndani na kuifunga vena. Likishindwa, vena inafunguka tena, na hapo mtabishana kama ni VEGF au ni mkono wa mchomaji.

#34 Mfamasia wa Jioni
Tembe kwa ufupi, kwa wanaouliza inboksi. Diosmini yenye hesperidini, 450 na 50 kwa kidonge cha 500, jumla miligramu 1,000 kwa siku: inapunguza uzito na uvimbe wa mguu, na kuna kazi ndogo iliyoona VEGF ikishuka kwa wenye ngozi iliyobadilika. Vena iliyosokotana hainyooki kwa tembe. Pentoksifilini 400 mara tatu kwa siku inasaidia kidonda kupona ikiwa juu ya bandeji, inasumbua tumbo.

#35 Nesi wa Zamu ya Usiku
Na vena iliyopasuka ikaruka damu bafuni: lala chini, inua mguu juu ya kiti, kandamiza palepale kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Usifunge kamba juu ya goti, inazuia damu kupanda na kufanya itoke zaidi.

#36 Korosho Ghafi
Swali la mwisho kwa Maabara. Wanatangaza mjini kupaka damu yako mwenyewe kwenye kidonda, eti ina vichocheo. Kweli?

#37 Maabara Mikindani
Plazma yenye chembe sahani nyingi. Damu inazungushwa polepole kwanza kutenga nyekundu, kisha kwa kasi kukusanya chembe sahani ziwe mara nne tano ya kawaida, kisha kalisi kloridi kuziamsha zimwage PDGF, TGF-beta na VEGF. Ukiimwaga kwenye kidonda chenye utando, kisichofungwa bandeji, MMP zinaila kabla ya chakula cha mchana. Safisha, bana, ndipo ufikirie hayo.

#38 Korosho Ghafi
Na damu yake inachukuliwa kwenye chupa ya rangi gani?

#39 Maabara Mikindani
Ya njano yenye ACD ya kuzuia kuganda, au ya bluu. Mzee wa Kigimbi, umesikia?

#40 Mzee wa Kigimbi
Nimesikia. Ila #9 umesema TGF-beta imetulia, hiyo sijaisahau.